Kicheko Kinachofundisha na Kicheko Kinachoficha

Dominika ya 3 ya Mwaka B, Dominika ya Neno la Mungu
Masomo: Yona 3:1-5, 10, 1 Wakorintho 7:29-31, Marko 1:14-20



Somo la kwanza la Dominika ya leo linatukutanisha na nabii Yona. Mungu anamtuma Ninawi kwa mara ya pili, kwa maana mara ya kwanza Yona alikimbia, akapanda merikebu iendayo upande mwingine kabisa wa dunia. Safari hii anakwenda, anahubiri kwa maneno machache, na mji mzima unatubu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Aperuit Illis ya mwaka 2019, aliiweka Dominika hii ya tatu ya Kipindi cha Kawaida kuwa Dominika ya Neno la Mungu, ili waamini walipe Neno hilo nafasi ya pekee katika Kanisa na katika maisha yao. Kwa sababu hiyo twapenda leo kutafakari pamoja nanyi juu ya njia mojawapo ambayo kwayo Neno la Mungu linaingia majumbani mwetu, nayo ni filamu za vikatuni zinazosimulia habari za Biblia kwa namna ya kuchekesha.

Hatujachagua jambo hili kwa kubahatisha. Kila mwaka, mwezi Desemba, wana wa mlima huu hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hata nchi za mbali. Barabara za Rombo, Marangu, Kilema, Kibosho na Machame hujaa magari, na nyumba zilizokuwa kimya katikati ya migomba hujaa sauti za wajukuu. Jioni, baada ya mtori na nyama, vizazi vitatu huketi pamoja mbele ya televisheni moja. Watoto wametoka mjini na filamu zao katika simu na katika flashi, na miongoni mwa filamu hizo zimo za Biblia. Katika ziara zetu za kubariki nyumba wakati wa Noeli, wazazi na makatekista wametuuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: Je, ni halali kuicheka Biblia?

Ndugu wapendwa, swali hilo ni la haki, nalo linatoka katika moyo wenye kumcha Mungu. Lakini kabla ya kulijibu, yatupasa tujue tunazungumzia nini. Sisi wa Tanzania Bara tulianza kuwa na matangazo ya televisheni mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Wakati huo wenzetu wa nchi nyingine walikuwa tayari wakiwasimulia watoto Biblia kwa vikatuni. Huko Japani, mwaka 1981, ulianza mfululizo uitwao Superbook, ambamo watoto wa siku hizi pamoja na roboti mcheshi hurudishwa katika nyakati za Biblia. Mfululizo huo ulitengenezwa upya kuanzia mwaka 2011. Na mwezi Desemba 1993, Wamarekani wawili, Phil Vischer na Mike Nawrocki, walitoa katika eneo la Chicago kanda ya kwanza ya VeggieTales. Humo wahusika ni mboga na matunda. Bob ni nyanya, Larry ni tango, nao hawana mikono wala miguu, kwa kuwa kompyuta za siku zile zingepata kazi kubwa mno kuvichezesha viungo hivyo. Hapo mwanzo Vischer alikusudia kumtumia mhusika wa peremende, mkewe akamwonya kwamba akina mama hawatafurahi kuona watoto wao wanazidi kupenda pipi. Ndivyo mboga zilivyopata kazi ya kusimulia Maandiko Matakatifu. Mwaka 2002 walitoa filamu ndefu ya Yona yule yule tuliyemsikia leo.

Sasa turudi kwenye swali. Je, kicheko kina nafasi mbele ya Neno la Mungu? Tunajibu kwamba kinayo, na Maandiko yenyewe ndiyo shahidi wetu. Sara alicheka nyuma ya mlango wa hema aliposikia kwamba atazaa katika uzee wake. Na mtoto alipozaliwa, jina alilopewa, Isaka, lilitokana na kicheko. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, punda anamwona malaika ambaye Balaamu, mwonaji mashuhuri, hamwoni, na tena punda huyo anamkemea bwana wake. Eliya anawadhihaki manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe alizungumza juu ya ngamia na tundu la sindano, na juu ya mtu mwenye boriti jichoni anayetaka kumtoa mwenzake kibanzi. Wale waliomsikiliza walikuwa wachunga mbuzi, wavuvi na mafundi. Ni vigumu kudhani kwamba hawakutabasamu.

Na kitabu cha Yona chenyewe, hebu kisomeni leo jioni. Kina sura 4 tu. Nabii anamkimbia Mungu aliyeumba bahari, naye anamkimbia kwa kupitia baharini! Mabaharia wapagani wanasali, wakati mtu wa Mungu amelala usingizi. Ninawi inapotubu, hata mifugo inafungishwa na kuvishwa magunia. Nabii ambaye mahubiri yake yamefaulu kuliko ya nabii mwingine yeyote anakasirika kwa sababu yamefaulu, kisha anasikitikia mti ulioliwa na buu kuliko anavyosikitikia mji wenye watu zaidi ya 120,000. Aliyetutungia kitabu hiki, akiongozwa na Roho Mtakatifu, alijua kabisa kwamba tutacheka. Alitaka tucheke, kisha tunyamaze ghafla, tukitambua kwamba tuliyekuwa tukimcheka ni sisi wenyewe.

Wazee wetu waliijua siri hii. Jikoni, kando ya moto, bibi alisimulia hadithi za sungura na fisi. Watoto walicheka mpaka machozi, na katika kicheko hicho walijifunza kwamba ulafi una mwisho mbaya. Basi hapa tunapata kanuni ya kwanza ya kupimia filamu yoyote ya Biblia: tuangalie anayechekwa ni nani. Akichekwa mwanadamu katika ukaidi wake, woga wake na kiburi chake, kicheko hicho chatoka katika Biblia yenyewe. Akichekwa Mungu, au utakatifu, au mnyonge anayemlilia Mungu, hapo pana dhihaka, wala haifai kuingizwa nyumbani. Watungaji wa VeggieTales waliujua mpaka huo. Mama yake Vischer aliwawekea sharti kwamba Yesu asionyeshwe kamwe kwa sura ya mboga, nao walilishika. Tuwaheshimu kwa hilo.

Lakini wapendwa, tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu tu. Lipo jambo jingine zito zaidi. Hatari kubwa ya filamu hizi haimo katika kile zinachochekesha. Imo katika kile ambacho kicheko kinakificha.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2000 watungaji hao walitoa simulizi la mfalme apendaye mno bata wa kuchezea wakati wa kuoga. Anao bata wengi, lakini anamwona jirani yake ana bata mmoja tu, naye anamtamani. Anampeleka jirani huyo mstari wa mbele katika vita ambamo askari hurushiana keki, kisha anamtwaa yule bata. Mwishoni mtu mmoja mwenye hekima anamsimulia mfalme kisa cha tajiri na maskini, mfalme anatambua kosa lake, anarudisha bata na kuomba radhi. Jirani amerudi kutoka vitani, amechanganyikiwa kidogo, lakini yu mzima.

Bila shaka mmekwisha kutambua simulizi hilo limetoka wapi. Limetoka katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na ya 12: habari za Daudi, Bathsheba na Uria Mhiti. Hatuwalaumu watungaji; ni nani atakayemweleza mtoto wa miaka mitano habari za uzinzi na mauaji? Walichagua kufundisha juu ya uchoyo, na uchoyo mtoto anaujua. Lakini angalieni kilichofichika. Bathsheba, mwanamke mwenye jina na machozi, amekuwa bata wa plastiki. Na Uria, yule askari mwaminifu aliyelala mlangoni pa mfalme kwa sababu wenzake walikuwa wamelala uwanjani, amerudi nyumbani. Katika Biblia hakurudi.

Noeli moja, katika nyumba mojawapo ya mlimani, tuliwakuta watoto wakiitazama filamu hiyo pamoja na bibi yao. Bibi haelewi Kiingereza, kwa hiyo mjukuu wake mwenye umri wa miaka 8 alikuwa akimfasiria. Filamu ilipokwisha, mtoto akasema kwa furaha, "Bibi, askari amerudi kwake." Bibi akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Mjukuu wangu, katika Kitabu hakurudi." Akamsimulia habari za Uria kwa upole, kwa maneno ambayo mtoto angeweza kuyabeba: kwamba mfalme alitaka kilicho cha mwenzake, akamtuma mwenzake mahali pa kufa, na kwamba watu hawakujua, lakini Mungu aliona. Mtoto akauliza, "Na babu je, alirudi?" Mume wa bibi huyo alikwenda katika vita vya Kagera, akafa huko mwaka 1979. Aliacha mtoto mchanga, ambaye sasa ndiye baba wa mtoto aliyeuliza. Bibi akajibu, "Hakurudi. Na yeye pia Mungu alimwona." Jioni ile familia ilisali rozari kwa ajili ya marehemu wao, na yule mtoto ndiye aliyeomba aongoze fumbo la kwanza.

Ndugu wapendwa, bibi huyo hakupata kusoma masomo ya dini ya juu, wala hakuifunga televisheni kwa hasira. Alichofanya ni kuimalizia filamu. Na kwa kuimalizia alitenda kazi ya nabii.

Kumbukeni jinsi Nathani alivyomwendea Daudi. Hakuanza na shutuma. Alianza na hadithi ya kondoo mmoja wa mtu maskini, hadithi inayogusa moyo, ambayo hata mfalme aliyejificha nyuma ya dhambi yake aliweza kuisikiliza. Hadithi ilifungua mlango. Lakini Nathani hakuishia kwenye kondoo. Daudi alipowaka hasira juu ya yule tajiri, nabii alimgeukia, akamwambia wazi kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe. Hadithi ya kondoo peke yake ingempendeza Daudi tu, akalala usingizi mwema. Neno lile la pili ndilo lililomwokoa. Ndilo lililomfikisha kwenye toba, na kwenye msamaha ambao hakuustahili.

Filamu ya vikatuni ni kondoo wa Nathani. Ni njema, inafungua mlango, inamfikisha mtoto mahali ambapo mahubiri yetu marefu hayamfikishi. Lakini haiwezi kumtazama mtoto wako usoni na kumwambia neno la pili. Haimjui. Haijui kwamba jana alimnyang'anya mdogo wake, wala kwamba usiku analia kwa sababu wazazi wake wanagombana. Wewe mzazi ndiwe unayemjua. Nathani wa nyumba hiyo ni wewe.

Naye Phil Vischer mwenyewe amelithibitisha jambo hili. Kampuni yake ilifilisika mwaka 2003. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2011, alieleza hadharani kwamba kwa muda wa miaka kumi alikuwa amewahimiza watoto waenende Kikristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe. Hata akaanza kazi nyingine, mwaka 2010, ya kuwapitisha watoto katika Biblia yote, kitabu kwa kitabu. Tunayaheshimu maneno ya mtu aliyeijua kazi yake kwa ndani. Kwa maana kumwambia mtoto asiwe mchoyo, asiseme uongo, awatii wakubwa, hayo yote ni mema, na hata wasiomjua Kristo huyafundisha. Injili ni zaidi ya hayo. Injili ni habari kwamba Mungu anamtafuta aliyekimbia.

Mnaona ni nini kilicho hatarini? Mtoto aliyefundishwa tu kwamba Mungu anawapenda watoto wazuri atakua. Siku moja ataondoka hapa mlimani aende mjini kutafuta maisha. Huko ataanguka, pengine vibaya, kama Daudi alivyoanguka. Wapo vijana wetu wengi ambao, baada ya kuanguka, wanaona aibu kulikaribia kanisa, kwa kuwa Mungu waliyefundishwa utotoni hana neno lolote kwa mtu aliyekwisha kuharibu. Bata wa plastiki anaweza kurudishwa. Uhai wa Uria hauwezi kurudishwa. Kama hatukuwahi kumwambia mtoto kwamba Mungu alimsamehe hata Daudi, aliyetenda lisilorudishika, je, atajuaje njia ya kwenda kwenye Sakramenti ya Kitubio siku atakapoihitaji kuliko siku zote?

Basi tutoe mashauri machache, ya kufaa kwa familia na kwa makatekista.

Kwanza, ketini pamoja na watoto. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Duniani ya mwaka 2004, alieleza kwamba vyombo vya habari kwa familia ni hatari na ni utajiri pia. Vitakuwa kipi kati ya hivyo viwili, hutegemea sana aliyeketi kando ya mtoto. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na siku hizi ulimwengu hausubiri nje ya uzio, umekwisha kukaribishwa sebuleni. Kama babu au bibi haelewi lugha ya filamu, mtoto amfasirie. Anayefasiri husikiliza mara mbili.

Pili, filamu ikiisha, fungueni Biblia. Someni sura ile ile iliyosimuliwa, hata kama ni aya kumi tu, kisha ulizaneni maswali matatu mepesi: Ni nani aliyetuchekesha, na je, sisi hatufanani naye? Ni kitu gani kilichomo katika Kitabu ambacho filamu imekiacha? Na Mungu amefanya nini katika habari hii? Swali hilo la tatu ndilo kubwa. Mkilikosea jibu, mtabaki na adabu njema bila Injili. Na umeme ukikatika katikati ya filamu, kama uzoeavyo kukatika, msinung'unike. Mwambieni mtoto aendelee kusimulia mwenyewe gizani. Hapo mtajua alichokishika.

Tatu, mtoto apewe kadiri ya umri wake, lakini asiachwe daima katika umri huo. Simulizi la bata lamfaa mwenye miaka mitano. Anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza apaswa kujua kwamba Daudi alitenda dhambi kubwa, akaungama, akasamehewa. Anayejiandaa kwa Kipaimara aisome sura yote, pamoja na Zaburi ya 51.

Nanyi makatekista wetu wapendwa, ambao bila ninyi Kanisa la mlima huu lisingesimama: itumieni filamu kama mlango, msiitumie kama darasa. Itazameni kwanza ninyi wenyewe. Mkumbuke pia kwamba nyingi kati ya hizi zimetungwa na ndugu zetu Wakristo wa madhehebu mengine. Hilo lisitutishe. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, na wa Kilutheri walifika Machame mwaka 1893. Leo koo nyingi za hapa zina watu wa pande zote mbili, nao hula Noeli pamoja. Lakini msitazamie filamu hizo zimfundishe mtoto habari za Ekaristi Takatifu, za Kitubio au za Mama Bikira Maria. Kazi hiyo ni yenu, na ya wazazi, na ya jumuiya ndogo ndogo.

Tuna neno pia kwa vijana wenye vipaji. Tangu mwaka 2014 watoto wetu wamekuwa na Ubongo Kids, vikatuni vilivyotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, vinavyofundisha hesabu na sayansi. Yaani kazi hii inawezekana hapa kwetu. Basi ni nani atakayetuchorea Yona apitaye katikati ya migomba, na Ninawi yenye soko kama la Kiboriloni?

Tunamaliza kwa kumtazama tena Yona. Kitabu chake hakimalizwi na jibu. Kinamalizwa na swali la Mungu kwa nabii aliyenuna: je, hana haki ya kuuhurumia mji mkubwa namna ile, wenye watu wasiojua mkono wao wa kuume wala wa kushoto, na wanyama wengi? Yona hajibu. Hata filamu ya mwaka 2002 iliheshimu kimya hicho, ikamwacha Yona na hasira yake, na watoto wengi huuliza, "Imeishia hapo?" Naam, imeishia hapo, kwa sababu jibu linatakiwa kutoka kwetu. Mtoto atakapouliza hivyo katika nyumba yako, usimwambie akalale. Mwambie kwamba Mungu bado anasubiri jibu. Kisha mfanye ishara ya msalaba pamoja, mkajibu kwa sala.

Tuombe. Ee Mungu mwenye huruma, uliyemtafuta Yona hata kilindini, ukamsamehe Daudi alipolia mbele yako, uzibariki familia zetu. Uwape wazazi ujasiri wa kusema neno la pili, uwape watoto masikio ya kulisikia, na sote utufikishe kwenye furaha ambayo hakuna atakayetuondolea. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.